Kutambua talasemia na selimundu kwenye mifupa ya kale kwa picha za meno: hatua kwa hatua

Vitundu kwenye dari ya tundu la jicho vimewaponza wengi. Mtu anavikuta kwenye fuvu la mtoto, anaandika "upungufu wa damu", na kama kaburi liko pwani ya Mediterania anaongeza "talasemia" bila ushahidi mwingine. Vitundu hivyo huletwa na minyoo, lishe duni, kiseyeye, maambukizi ya muda mrefu, na wakati mwingine ni udongo tu uliokula mfupa. Mahali pa kuanzia ni taya, na ndani ya taya ni pango la sainasi lililo juu ya magego ya juu. Hapo ndipo ugonjwa wa damu wa kurithi unapoacha alama ambayo njaa haiwezi kuiacha.

Sababu yake ni hii. Katika talasemia ya beta, mwili hautengenezi minyororo ya beta ya himoglobini ya kutosha. Mtoto huzaliwa bila dalili kwa kuwa himoglobini ya kichanga hutumia minyororo ya gama. Inapopungua, kuanzia miezi 6 hivi, seli nyekundu zinakufa kwa wingi hata kabla hazijatoka kwenye uboho. Mwili unajibu kwa kupanua uboho kila ulipo. Taya la juu lina uboho mwingi na gamba (tabaka gumu la nje la mfupa) jembamba, kwa hiyo linavimba, meno ya mbele yanasukumwa nje na kuachana, na sainasi inakosa nafasi ya kukua. Taya la chini lina gamba nene linalolizuia kuvimba sana, ndiyo maana mabadiliko yake huonekana zaidi ndani, kwenye picha, kuliko kwa macho.

Mwenye upungufu wa madini ya chuma hana malighafi ya kutengenezea seli nyingi kiasi hicho. Mwaka 2009 Phillip Walker na wenzake walitumia hoja hiyo kukataa kwamba upungufu wa chuma ndio unaotoboa mafuvu, na wengine wakawapinga. Ukiwa upande wowote wa mjadala huo, sainasi iliyozibwa kabisa na uboho haielezeki kwa chuma peke yake.

Selimundu hufanya kazi tofauti. Uboho unapanuka pia, lakini madhara makubwa yanatokana na seli zenye umbo la mundu kuziba mishipa midogo, na mfupa unakufa vipande vipande. Kwa hiyo kwenye talasemia unatafuta upanuzi, na kwenye selimundu unatafuta zaidi makovu.

Hatua ya 1: Kabla ya mashine

Hakikisha vibali viko mkononi. Kwa mifupa iliyochimbwa Tanzania ni Idara ya Mambo ya Kale, kwa Kenya ni Makumbusho ya Taifa. Kibali cha kuchimba si kibali cha kutoa sampuli.

Amua mapema kama kutakuwa na kipimo cha DNA. Kama kipo, shika kwa glavu na barakoa tangu mwanzo, na usioshe kwa maji. Picha za kawaida za meno na CT (picha za tabaka kwa kompyuta) hazina dozi ya kutisha: utafiti wa athari za miali kwenye DNA ya kale haukuona uharibifu chini ya Gy 200 (grei, kipimo cha dozi ya miali), na picha zetu ziko mbali sana chini ya hapo. Tahadhari ni kwa mikro-CT (CT ya vitu vidogo, yenye undani mkubwa) ya muda mrefu na hasa ya sinkrotroni, mtambo wa miali mikali sana.

Safisha kwa brashi laini kavu. Ugaga uliogandamana kwenye meno uache ulivyo, ni hazina ya watu wengine. Meno yaliyolegea yapige picha yakiwa nje ya taya. Usiyagandishe kwa gundi, na usiyarudishe kwenye tundu kabla ya kulipiga picha tundu likiwa tupu.

Hatua ya 2: Umri kwanza

Bila umri huwezi kusema sainasi ni ndogo. Wakati wa kuzaliwa ni kifuko kidogo tu. Hupanuka pamoja na kuota kwa meno, na karibu na miaka 12 sakafu yake huwa usawa wa sakafu ya pua. Baada ya hapo hushuka chini zaidi magego ya mwisho yanapoota. Mtoto wa miaka 2 mwenye sainasi ndogo ni mtoto wa miaka 2.

Tumia ukuaji wa meno, si urefu wa mifupa. Hatua nane za ukuaji wa jino za Demirjian, A hadi H, au atlasi ya London (michoro ya meno kwa kila umri) zinatosha. Ukuaji wa meno nao huchelewa kwa wagonjwa hawa, ila si kama mifupa mirefu inavyodumaa. Tofauti kubwa kati ya umri wa meno na urefu wa fupa la paja iandike, maana ni sehemu ya ushahidi.

Hatua ya 3: Picha ndogo za mizizi

Hizi ndizo zinazoonyesha sponji ya mfupa (sehemu ya ndani yenye vijiti na nafasi za uboho) vizuri kuliko zote. Anza na kV 60, mA 7, sekunde 0.10 kwa sensa (kipokezi cha picha) ya kidijitali. Mfupa mkavu hauna shavu wala ulimi wa kupunguza miali, kwa hiyo mpangilio wa mgonjwa hai utaunguza picha, na vijiti vyembamba vya sponji vitapotea kana kwamba havipo. Kosa hili ni la hatari kwa sababu linatengeneza talasemia ya uongo: picha iliyoungua huonyesha mfupa uliojaa nafasi. Ukitaka kulinganisha na picha za wagonjwa wa kliniki, weka kipande cha nta au akriliki cha milimita 15 mbele ya taya, kisha ongeza muda.

Sensa iwe sambamba na mhimili mrefu wa jino. Ukiinamisha mrija, mizizi itafupika, nawe utaandika "mizizi mifupi" ambayo haipo. Weka ngazi ya alumini ya milimita 1 kila kidato pembeni ya kila picha ili weupe wa picha moja ulinganishwe na wa nyingine.

Kwa kila mtu piga angalau: magego ya chini pande zote mbili, magego ya juu pande zote mbili, na meno ya mbele juu na chini. Jumla sita.

Hatua ya 4: Picha ya tabaka

OPG, picha moja pana ya mataya yote, ni taabu kwa fuvu kavu. Kanda inayoonekana vizuri ni nyembamba, na fuvu lisilo na shingo wala misuli halikai sawa. Likiwezekana tumia CT ya mwali wa koni: vokseli (chembe ya picha ya pande tatu) ya milimita 0.2 hadi 0.3, eneo linalofika kutoka kidevuni hadi juu ya matundu ya macho. Funga taya la chini kwa nta nyembamba kwenye viungo ili lisigusane mfupa kwa mfupa, na tumia sponji ya godoro kulishika fuvu. Chuma, hata pini, kisikaribie.

Jambo moja lisisahaulike: namba za kijivu kwenye CT ya mwali wa koni si vipimo vya kweli vya msongamano wa mfupa. Usilinganishe mashine mbili kwa namba hizo. Kama unahitaji msongamano, nenda kwenye CT ya hospitali, vipande vya milimita 0.6 au pungufu.

Hatua ya 5: Kusoma, kwa mpangilio huu

Sainasi ya taya la juu. Je, ipo? Kama haipo, kilichojaa mahali pake ni nini? Kwenye talasemia utaona sponji pana ikiendelea bila mpaka kutoka kwenye mfupa wa taya hadi ilipopaswa kuwa hewa.

Vyumba vya ethmoidi, kati ya matundu ya macho. Hivi havina uboho kwenye kuta zake, kwa hiyo kwenye talasemia hubaki wazi hata sainasi ya taya ikizibwa. Sainasi ya taya imefungwa, ethmoidi iko wazi: huo ndio mchanganyiko wenye uzito kuliko dalili nyingine zote za kichwani. Vikiwa vimefungwa vyote, fikiria kwanza udongo, kisha magonjwa mengine ya mfupa.

Sponji ya taya la chini. Kwenye talasemia vijiti vinapungua, nafasi kati yake zinakuwa kubwa na za mviringo, na vinavyobaki hujipanga kama wavu wa banda la kuku. Kwenye selimundu tazama kati ya mizizi ya magego: vijiti vya mlalo vinavyopandana kidato kwa kidato, alama ya ngazi. Angalizo: ngazi hafifu huonekana pia kwa watu wazima wasio na ugonjwa, hasa kati ya mizizi ya gego la kwanza la chini. Haihesabiki mpaka iwe pande zote mbili na zaidi ya nafasi moja.

Gamba la chini la taya. Pima unene chini ya tundu la kidevu (tundu dogo la neva pembeni mwa kidevu), pande zote mbili. Usitegemee namba ya kitabu. Linganisha na watu wa umri huohuo kutoka makaburi hayohayo. Mfereji wa neva ukififia pamoja na gamba kuwa jembamba, upanuzi wa uboho unaelekea kuwa wa kweli.

Mstari mweupe unaozunguka mzizi, lamina dura. Talasemia huufanya mwembamba au wa kukatika. Selimundu huuacha, mara nyingi ukijitokeza zaidi kwa sababu sponji ya jirani imepungua.

Mizizi na chumba cha pulpu (nafasi ya neva na mishipa ndani ya jino). Mizizi mifupi yenye ncha kali, na magego yenye chumba kilichoshuka chini, yameripotiwa kwenye talasemia. Kwa chumba tumia kipimo cha Shifman na Chanannel: umbali kutoka dari ya chumba hadi sakafu yake, gawanya kwa umbali kutoka dari hiyo hadi ncha ya mzizi mrefu, zidisha kwa 100. Kuanzia 20 kwenda juu, na sakafu ikiwa chini ya shingo ya jino kwa zaidi ya milimita 2.5, ni taurodonti. Ni dalili ya ziada tu. Kuna koo zenye taurodonti ya kurithi isiyohusiana na damu kabisa.

Makovu. Madoa meupe mazito ndani ya taya la chini yasiyogusana na jino bovu, na doa jeusi kwenye ncha ya mzizi wa jino zima lisilo na tundu wala ufa. Hili la pili ni la thamani: kwenye selimundu mishipa ya pulpu inaziba na jino linakufa bila kuoza. Kagua ufa kwa lenzi na mikro-CT kabla ya kulitumia.

Hatua ya 6: Ondoa wanaofanana

Kiseyeye hutoboa taya la juu, kaakaa na mfupa wa sfenoidi kwa vitundu vidogo juu ya uso, lakini hakipanui sponji na hakifungi sainasi. Matege ya upungufu wa vitamini D hufanya gamba lenye vinyweleo na enameli yenye kasoro, tena bila kuziba sainasi. Tezi za paratiroidi zikizidi kufanya kazi hufuta lamina dura ya meno yote, na utaona gamba la vidole vya mkono likiliwa pia. Kuvimba kwa sainasi kwa muda mrefu huongeza mfupa mpya wa miiba kwenye kuta, huku pango likibaki.

Baadaye ndipo utazame mwili mzima, maana taya peke yake halihukumu. Kwa talasemia: mbavu zenye mstari wa mbavu ndani ya mbavu kwenye picha, alama iliyotumiwa na Mary Lewis mwaka 2012 kwa watoto wa Poundbury Camp, Uingereza, wa zama za Warumi. Mifupa ya viganja iliyopoteza kiuno chake na kuwa ya mstatili. Tabaka la sponji la fuvu lililonenepa na vijiti vilivyosimama wima kama nywele. Kwa selimundu: pingili za mgongo zenye mbonyeo katikati unaozipa umbo la herufi H, kichwa cha fupa la paja kilichokufa na kubonyea, vidole vya mtoto vilivyovimba mfupa.

Hatua ya 7: Kuandika hukumu

Tumia ngazi tatu na uzitaje kwa jina. "Inaafikiana na" ikiwa kuna dalili za upanuzi lakini hakuna ushahidi wa sainasi kuzibwa. "Ina uwezekano mkubwa" ikiwa sainasi imezibwa na uboho, ethmoidi wazi, na angalau dalili mbili chini ya shingo. "Imethibitishwa" ni kwa DNA pekee.

Mfano wa ngazi ya tatu ni mtoto wa miaka kama 8 kutoka Akhziv, kaskazini mwa pwani ya Israeli. Mwaka 1995 Filon na wenzake walisoma jeni yake ya beta na kukuta mabadiliko kwenye kodoni (neno la herufi tatu katika jeni) ya 8, nakala zote mbili. Kwa mabadiliko hayo mtoto huyo alitarajiwa kufa mapema zaidi. Jeni yake ilikuwa pia na tofauti inayoendeleza himoglobini ya kichanga, na hiyo inaeleza alivyofikia umri huo. Mwingine ni wa Sardinia, zama za Warumi, aliyekutwa na mabadiliko ya kodoni ya 39, taarifa ya 2017. Hayo ndiyo yanayotawala kisiwani humo hadi leo. Hata Atlit-Yam, kijiji cha zaidi ya miaka 8,000 kilichozama baharini kwenye pwani ya mlima Karmeli, Israeli, ambacho hutajwa mara nyingi kuwa na talasemia kongwe, kimesimama kwenye umbo la mifupa, si DNA. Kitaje hivyo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mombasa: OPG yangu inaonyesha sainasi zote mbili nyeupe tupu, mtoto wa miaka 7. Niandike?

Jibu: Bado, ndugu yangu. OPG haitofautishi udongo na uboho. Angalia kwa CT mambo mawili. Udongo una punje zisizo na mpangilio, mara nyingi zenye nukta ng'avu za madini, na pembeni yake ukuta mwembamba wa sainasi unaonekana mzima. Uboho una vijiti vinavyoungana na mfupa wa taya, na ukuta haupo kwa sababu haukuwahi kujengwa. Kama huna CT, geuza fuvu polepole juu ya chujio na upige picha tena. Udongo uliolegea utahama kati ya picha ya kwanza na ya pili. Ulioganda hautahama, hapo lazima CT.

Mwanachama wa Dodoma: Nina taya la chini tu, nusu, na magego mawili. Kuna faida yoyote?

Jibu: Ipo, ila ndogo. Piga picha ndogo mbili, pima gamba, eleza sponji, pima chumba cha pulpu. Halafu piga mataya ya watu wengine wa umri huo kutoka uchimbaji huohuo kwa mpangilio uleule wa mashine. Kama taya lako ni tofauti nao, andika "upanuzi wa uboho, chanzo hakijulikani". Jina la ugonjwa lisitoke kwenye nusu taya.

Mwanachama wa Zanzibar: Shikamoo mwalimu. Kwa makaburi ya kale ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, tutafute talasemia au selimundu?

Jibu: Marahaba. Tangulizeni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nayo duniani, na ilikuwa Afrika Mashariki ambako Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo hukingwa dhidi ya malaria kali. Talasemia ya alfa nayo ni ya kawaida sana pwani, Kilifi kwa mfano, lakini aina iliyopo huku haiharibu mfupa, hivyo hamtaiona kwenye picha hata ikiwa kwa nusu ya waliozikwa. Talasemia ya beta msiifute, kwa kuwa pwani hii ilioana na watu wa Ghuba, Uajemi na India, ambako ipo. Kisha kumbukeni kwamba mtoto mwenye selimundu kamili bila tiba alikuwa akifariki mapema mno, mara nyingi kabla mfupa haujaandika chochote. Kutoona alama si ushahidi kwamba ugonjwa haukuwepo.

Mwanachama wa Mombasa: Na wabebaji, wenye nakala moja, wanaonekana?

Jibu: Hapana. Wala kwenye taya, wala mahali pengine popote pa mifupa. Na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu, hali kadhalika, hauachi dalili unazoweza kuzitegemea. Hao ni wa DNA tu.

Mwanachama wa Muscat: Nimesikia kuna seli za mundu zilizoonekana zenyewe kwenye mfupa wa kale huku Ghuba.

Jibu: Ndiyo, kisiwa cha Failaka, Kuwait. Maat na Baig walitoa mwaka 1990 picha za darubini ya elektroni za seli zilizopinda kutoka kwa mtu wa zama za Kiyunani. Ni kisa muhimu, ila usikitumie kama njia ya kawaida ya utambuzi, kwa kuwa seli zikikauka hubadilika umbo kwa sababu nyingi, na kuvu huacha maumbo yanayodanganya. Picha ya taya na mifupa itangulie, DNA ifuate.

Mwanachama wa Arusha: Hatuna CT kabisa. Tuna mashine ya mkononi ya meno na sensa moja.

Jibu: Inatosha kwa hatua ya 3 na nusu ya hatua ya 5. Mashine nyingi za mkononi zina mA 2 hivi, kwa hiyo muda utaongezeka; anzeni na sekunde 0.25 kwa kV 60 na mrekebishe kwa kutazama ngazi ya alumini. Ifungeni kwenye stendi, isishikwe, maana mtikisiko mdogo hufuta vijiti vya sponji. Mpigaji asimame nyuma ya mashine, mita 2, na kifaa kiwe kimesajiliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki hata kama mnayempiga picha si mtu hai. Kwa sainasi, kama fuvu limevunjika tayari upande mmoja, ingizeni endoskopu ndogo au taa na kamera kupitia penye ufa. Pango tupu lenye ukuta laini linaonekana kwa macho, na likionekana hivyo, talasemia kali inashuka sana kwenye orodha yenu.

Mwanachama wa Dodoma: Nikikuta dalili zote kwa mtu wa miaka 35, je, niamini umri wangu umekosea?

Jibu: Si lazima. Talasemia ya kati, aina ya beta isiyo kali sana, iliwaruhusu watu kufika utu uzima bila kuongezewa damu, na kwao mabadiliko ya uso huwa makubwa zaidi kwa sababu uboho ulipanuka kwa miongo. Rudia umri kwa mizizi na kiungo cha nyonga, na ukiona sainasi imezibwa kwa mtu wa umri huo, peleka sampuli ya mfupa wa sikio maabara kabla ya kuandika makala yoyote.